Majina ya Kizungu, Ardhi ya Bibi

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Hawakutuambia jina baya hufanya nini mchana kweupe. Basi leo, msomaji mpenzi, nataka tuzungumze habari za majina; si majina ya watu, la hasha, bali majina ya nchi. Nakusudia yale maneno ya Kiingereza yanayotembea mawili mawili kama pacha, ambayo kila aliyekalia dawati la sekondari hapa Kenya ameyakariri: "coastal strip", "fertile highlands", "northern frontier", na wenzao wengi. Tuliyakariri tukidhani ni maneno ya mtihani tu. Kumbe yana historia, na historia yenyewe haijalala.

Nikiwa kidato cha pili mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa na mtindo wake. Aligawa ubao mara mbili kwa chaki. Upande wa kushoto aliandika sifa, upande wa kulia akaandika mahali, kisha sisi tukaitwa mmoja mmoja kwenda kuoanisha. Rutuba ilioa milima. Ukame ulioa kaskazini. Msongamano wa watu ulioa ziwa. Na pwani, kwetu sisi, iliozwa neno "strip", yaani ukanda, kipande chembamba kama utepe wa kufungia zawadi. Ukikosea kuoanisha ulicheka wewe mwenyewe kabla hujachekwa na wenzako. Mimi sikukosea hata siku moja. Nilikuwa stadi wa ndoa hizo, tena nilijivuna nazo, maana insha yangu ya Kiingereza ilikuwa ikisomwa mbele ya darasa.

Huenda nisingeyafikiria tena maisha yangu yote lau si barua iliyokuja nyumbani miezi michache baada ya mimi kumaliza kidato cha nne. Ilikuwa barua ya wakili, ameandika kwa niaba ya mtu tusiyemjua sura wala kabila, anayedai kuwa shamba analolima bibi yangu ni lake kwa hati. Bibi hajui kusoma. Akaniita chini ya mkorosho, akaniambia, "Haya mwanangu, wewe uliyekula ada za watu, nisomee." Nikasoma mstari kwa mstari nikitafsiri, sauti kavu, mpaka nikafika mahali palipoandikwa "vacant and unoccupied land". Nikasita.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

"Wanasema, bibi, kwamba hii ni ardhi tupu, isiyokaliwa na mtu."

Bibi akatazama mikorosho yake, akatazama kuku wanaoparura, akatazama upande wa makaburi ya mumewe na wanawe wawili. Kisha akaniambia polepole, bila ya hasira, "Kwani mimi nimekaa wapi, mjukuu wangu? Hewani?"

Sikuwa na jibu. Cheti changu hakikuwa na jibu. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuyachunguza yale maneno mawili mawili, nikiuliza kila moja: wewe ulizaliwa wapi, na nani alikuzaa, na ulimfanyia kazi gani?

Hebu tuanze mbali kidogo kisha turudi nyumbani. Lugha yetu ya Kiswahili ina namna yake ya kutaja pande za dunia. Kaskazini ni kunakotoka kaskazi, ule upepo unaovuma takriban kati ya Disemba na Machi, ambao kwa karne nyingi ulileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba. Kusini ni kunakotoka kusi, upepo uliowarudisha mabaharia hao makwao. Yaani mzee wetu wa Lamu au wa Mombasa alisimama ufukweni, akasikia upepo shavuni, akajua wapi ni wapi. Yeye ndiye aliyekuwa kitovu. Hata jina la lugha yenyewe limetokana na neno la Kiarabu la pwani, sawahil, na umoja wake ni sahil. Neno hilo hilo ndilo lililozaa jina la Saheli, ile nchi kavu iliyo ukingoni mwa jangwa la Sahara, kana kwamba jangwa nalo ni bahari yenye pwani yake.

Sasa linganisha na "Middle East", ambayo sisi tumeitafsiri neno kwa neno tukaiita Mashariki ya Kati. Mashariki ya nani? Kati ya nini na nini? Jina hilo lilipata umaarufu mwaka 1902, pale afisa wa majini wa Marekani, Alfred Thayer Mahan, alipolitumia katika makala iliyochapishwa London kuhusu Ghuba ya Uajemi. Baada yake mwandishi wa gazeti la The Times, Valentine Chirol, akaandika mfululizo wa makala chini ya jina hilo hilo. Hofu yao ilikuwa ni njia ya kwenda India, isije ikafungwa na Warusi au Wajerumani. Mtu aliyekaa London aliona nchi za Waturuki kuwa ni mashariki ya karibu, Uchina na Japani kuwa mashariki ya mbali, na katikati pakabaki pengo linalotaka jina. Lakini ewe ndugu yangu wa Mombasa, ukitaka kwenda Muscat kwa jahazi huelekezi omo mashariki. Unaelekea kaskazini, ukipinda kidogo tu. Hata hivyo kila jioni redio hutuambia habari za Mashariki ya Kati, nasi twaitikia.

Na jina likishapata nguvu halitosheki. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 Waingereza walikuwa na kamandi yao ya Mashariki ya Kati mjini Cairo, chini ya Jenerali Wavell. Mwaka 1940 wakaipanua hadi ikachukua majeshi ya huku kwetu. Wale askari wa KAR waliotoka Kenya kwenda kupigana na Waitaliano huko Somalia na Ethiopia walikuwa, kwa mujibu wa makaratasi, ni watu wa Mashariki ya Kati! Mpaka Septemba 1941 ndipo Afrika Mashariki ikapewa kamandi yake peke yake. Nchi haikusogea hata shubiri moja. Maneno ndiyo yaliyosogea.

Naam, sasa turudi nyumbani kwenye ule utepe.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana jinsi ya kugawana sehemu hii ya Afrika. Palikuwa na shida moja: Sultani Barghash wa Unguja alidai kuwa bara ni lake. Wakubwa wale wakaamua kuwa Sultani atatambuliwa kuwa mwenye visiwa, na mwenye kipande cha mwambao kuanzia Ghuba ya Tungi kule kusini hadi Kipini, penye mdomo wa mto Tana, pamoja na miji kadhaa ya Wasomali kaskazini zaidi. Upana wake? Maili kumi za baharini kutoka mstari wa maji kujaa. Kilomita kumi na nane na nusu basi. Si mto uliochora mpaka huo, wala mlima, wala kaya za wenyeji. Ni tarakimu ya mviringo iliyopendeza mezani. Kijiji kikikatwa katikati na maili ya kumi, shauri yake.

Kabla ya hapo wazee hawakuwa na utepe. Walikuwa na Mrima, na mwambao, na visiwa. Walikuwa na nyika, na bara. Nyika haikuwa na ukuta. Mmijikenda alishuka na nazi, pembe na nafaka, akapanda na nguo na samaki, na kati yake na Mswahili wa mjini palikuwa na utani, ndoa, biashara na wakati mwingine vita. Walijua wapi pwani inaishia kwa kuangalia minazi ikiisha na mibuyu na michongoma ikizidi. Mpaka wa namna hiyo unaweza kuujadili kwa kahawa. Mpaka wa maili kumi haujadiliki, maana uko kwenye mkataba.

Mwaka 1895 Uingereza ikatangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na mwezi Disemba mwaka huo huo ikautwaa ule mwambao kwa mkataba na Sultani Hamid bin Thuwaini, kwa kodi ya paundi 11,000 kwa mwaka. Mwaka 1920 bara ilipofanywa koloni, mwambao ukabaki kuwa himaya. Ndiyo maana nchi yetu ikawa na jina refu la Koloni na Himaya ya Kenya. Bendera ya Sultani iliendelea kupepea Mombasa. Uhuru ulipokaribia kukazuka vijana na wazee waliodai Mwambao ujitenge, na wengine waliotaka tuwe kitu kimoja na bara. Sir James Robertson alitumwa mwaka 1961 kuchunguza, akapendekeza mwambao uungane na Kenya. Oktoba 1963 serikali za Kenya na Zanzibar zikakubaliana hivyo, ukawekwa ulinzi wa mahakama za Kadhi, na Disemba 12 tukapata uhuru pamoja. Ule utepe ukafa kisheria. Lakini jina halikufa. Lilibaki katika vitabu vya Jiografia, na likabaki vinywani mwa watu wenye machungu, hata tulipokuwa wadogo tukaona kwenye kuta maandishi ya "Pwani si Kenya".

Machungu hayo yalitoka wapi? Hapa ndipo penye kisa cha bibi yangu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi, nayo ikatumika huku pwani. Kila anayedai ardhi alitakiwa ajitokeze aandikishe madai yake. Waliokuwa na makaratasi, au waliojua thamani ya karatasi, walijitokeza. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilishikwa na ukoo na ushahidi wake ulikuwa makaburi, miti na kumbukumbu za wazee, hawakupata kitu. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe, ikawa ya serikali. Miaka michache tu baadaye, 1913 na 1914, Wagiriama walipoamriwa wahame upande wa kaskazini wa mto Sabaki, Mekatilili wa Menza akasimama, na watu wakapigwa risasi na nyumba zikachomwa. Toka hapo likaingia neno jingine katika lugha yetu: skwota. Mtu aliyezaliwa mahali, babake amezikwa mahali, anaitwa skwota wa mahali hapo hapo.

Wala usidhani, msomaji, kuwa ni sisi wa pwani peke yetu tuliofungwa na maneno. Ukipanda juu utakuta "White Highlands". Tazama ujanja wa maneno hayo mawili! Yanavyosikika ni kama sifa ya mandhari, mfano theluji au ukungu. Lakini weupe ule si wa milima, ni wa ngozi. Ahadi ya Lord Elgin ya mwaka 1908 ndiyo iliyokubali kuwa mashamba ya nyanda zile watagawiwa Wazungu; sheria ya 1915 ikawapa mikataba ya miaka 999; na amri ya mwaka 1939 ikachora mipaka yake rasmi. Kabla ya hapo Wamaasai walikuwa wamehamishwa kwa makubaliano ya 1904 na 1911, wakaondolewa hata Laikipia. Kisha nchi iliyokwisha ondolewa watu ikasemwa kuwa ilikutwa tupu. Ubaguzi huo ulikuja kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya damu nyingi kumwagika msituni na vijijini. Ile sifa ya rangi ikadondoka, lakini "fertile" ikachukua nafasi yake, na ndiyo niliyoiozesha mimi ubaoni.

Na kule juu zaidi ni "Northern Frontier". Kitongoji cha mtu kinawezaje kuitwa mpaka? Mpaka ni mstari unaopita, si mahali pa kuchinjia ngamia na kulea watoto. Lakini ndivyo nchi ya Wasomali, Waborana, Warendile na wengineo ilivyoitwa, kana kwamba kazi yake ilikuwa kumlinda mtu mwingine aliyeko ndani. Sheria ya mwaka 1902 iliwezesha wilaya za mbali kufungwa, asiingie mtu bila kibali, na ile ya 1934 ikaongeza ukali. Baada ya uhuru, Disemba 1963, ikatangazwa hali ya hatari huko, na haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mtu wa Garissa akitoka kwenda Nairobi alikuwa akisema anakwenda Kenya. Watu walicheka. Lakini fikiri: ukiitwa mpaka kwa miaka yote hiyo, wewe utajiona umo ndani ya nini?

Hata sisi wenyewe tulipojitawala hatukuacha mchezo huu. Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, ulisema fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapoleta mavuno makubwa zaidi, penye ardhi nzuri na mvua. Ndipo yakashamiri maneno "high potential", na kinyume chake. Mantiki yake ilisikika vizuri: panda penye rutuba, kisha wote tule. Lakini barabara, shule na hospitali zilifuata sifa hizo kama kuku afuatavyo mtama, na wale walioozwa ukame wakabaki na ukame wao. Ilibidi Katiba ya mwaka 2010 iunde hazina ya usawazishaji, asilimia nusu ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma. Ama kweli, neno moja la waraka lilihitaji katiba nzima kulijibu.

Nimefika wapi? Nimefika pale pale chini ya mkorosho.

Nilichukua ile barua nikaenda kwa mzee mmoja wa kijiji aliyewahi kufanya kazi ya ukarani mahakamani. Aliisoma mara moja tu, akacheka, akaweka kidole juu ya yale maneno yaliyonishinda. "Kijana," akaniambia, "hili neno hawakuliandika kwa kutojua. Sheria ya Kenya inasema mtu akikaa kwenye ardhi ya mwenye hati miaka kumi na miwili, wazi wazi, bila kuomba ruhusa na bila kufukuzwa, anaweza kwenda mahakamani akadai ni yake. Sasa mwenye hati afanyeje? Aseme hapana mtu." Nikahisi jasho la baridi. Miaka yote niliyoyakariri maneno ya namna ile niliona ni maelezo, kama mtu asemavyo maji yamelowa. Sikujua kuwa maelezo yanaweza kuwa panga.

Tukarudi na mzee yule nyumbani, tukafanya kazi siku mbili. Tulihesabu mikorosho, mmoja mmoja. Tulihesabu minazi, na bibi akatuambia upi alioupanda alipojifungua mtoto yupi. Tulipima kisima. Tuliandika makaburi matatu na majina ya waliolala humo. Bibi alitutajia vipande vya shamba lake kwa majina ambayo mimi mjukuu wake sikuwa nimeyasikia: pale penye mchanga panaitwa hivi, bondeni panapotuama maji ya masika panaitwa vile, na kile kichuguu ambacho babu alipumzikia kina jina lake pia. Shamba la ekari chache, lina majina zaidi ya ramani yote tuliyochora shuleni! Nikaandika yote. Na jibu letu hatukuliandika kwa Kiingereza, maana Katiba hiyo hiyo ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Wakili wao atafute wa kumtafsiria, kama nilivyotafutwa mimi.

Kesi haijakwisha. Sitakudanganya kwamba tumeshinda, wala sijui kama tutashinda. Tarehe hupangwa na kuahirishwa, nauli zinaliwa na matatu, na bibi anazeeka. Lakini kila tuendapo mahakamani anauliza swali lile lile, kama wameshaacha kusema hapana mtu.

Nanyi vijana wenzangu mnaoshika kalamu, nina ombi moja. Tunapoandika hadithi zetu tusiwe wepesi kufungua na "ukanda wa pwani wenye joto na unyevu" au "kaskazini kame kusikokalika". Hizo ni ndoa zilizofungwa na watu wengine, kwa mahari yao, na wazazi wa bi harusi hawakuulizwa. Kwanza tuwaulize wanaokaa hapo wanapaitaje. Huenda jina lisipate maki katika mtihani. Lakini siku barua itakapokuja, jina hilo ndilo litakalosimama kutoa ushahidi kwamba hapa pana mtu.